Usaili wa kazi ya uuguzi: maandalizi kuanzia vyeti hadi mbele ya jopo

Kila tangazo la ajira za afya linapotoka, maswali yanayozunguka hapa Tanga ni yale yale. Niende na sare? Vyeti vyangu vina majina mawili, watanikubali? Wanauliza kwa Kiingereza au kwa Kiswahili? Nimemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na sijagusa mgonjwa tangu hapo, nianzie wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Unamhusu muuguzi wa cheti, stashahada au shahada anayeitwa kwenye usaili kwa mara ya kwanza au ya pili, awe ameomba serikalini, hospitali ya dini au ya binafsi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Wengi wanaoanguka hawaanguki kwa kutojua uuguzi. Wanaanguka kwa sababu wanajibu kama wanaosoma daftari la chuo, ilhali jopo linataka kuiona mikono yao. Ukiulizwa, "Mama amejifungua sasa hivi na damu inamwagika, utafanya nini?", jibu linaanza na "Naita msaada huku mkono wangu ukiwa tumboni kwake." Halianzi na "Kutokwa damu baada ya kujifungua ni hali ambayo..." Maana ya ugonjwa hujaulizwa. Sehemu kubwa ya maandalizi ni kuuzoesha mdomo ufuate mikono.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vyeti halisi vyote: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita kama ulipita huko, na cha taaluma.
- Cheti cha usajili na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Soma tarehe ya mwisho ya leseni leo hii, usingoje.
- Kitambulisho. Cha Taifa ndicho bora. Cha mpiga kura, hati ya kusafiria au leseni ya udereva pia hukubaliwa.
- Nakala mbili za kila cheti, picha ndogo nne na bahasha ngumu ya plastiki. Masika ya Tanga hayana huruma na karatasi.
- Kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi.
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu haitaingia nawe kwenye chumba cha vitendo, na bila sekunde huhesabu mapigo wala matone.
- Daftari moja la mazoezi, na mwenzako mmoja wa kukusikiliza. Kama hayupo muuguzi mwenzako, mdogo wako anatosha, kwani kazi yake ni kukuuliza swali na kuangalia saa.
- Siku 14. Chini ya hapo inawezekana, ila utalazimika kuruka mengine. Usiruke hatua ya 3 na ya 4.

Hatua ya 1: Lisome tangazo mpaka mwisho

Tafuta mambo matatu: nani mwajiri, kada gani, kituo gani. Hapa ndipo wanaoanza huchanganya. Hospitali za rufaa za mikoa, Bombo ikiwemo, ziko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali za halmashauri, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya halmashauri, yaani upande wa TAMISEMI. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Kilindi na Bumbuli. Ukiulizwa "mwajiri wako atakuwa nani?" ukajibu "serikali" tu, umejibu nusu.

Kada nayo ina jina lake. Mwenye cheti huomba nafasi ya Muuguzi Daraja la II, mwenye stashahada Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, na mwenye shahada Afisa Muuguzi Daraja la II. Chini ya jina la kada tangazo huorodhesha majukumu. Yanakili kwenye daftari moja moja, na mbele ya kila moja andika tukio halisi ulilolifanya fildi au kazini. Orodha hiyo ndiyo chimbuko la maswali mengi ya mahojiano, na inashangaza jinsi watu wanavyoipita haraka kutafuta mshahara.

Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi serikalini, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya usaili, tarehe, saa na mahali. Namba hiyo haigawiwi mlangoni.

Hatua ya 2: Linganisha majina kwenye karatasi zote

Tandaza vyeti mezani, soma jina herufi kwa herufi. Mwanahamisi na Mwanahamis si jina moja mbele ya mkaguzi. Jina la babu lililopo kwenye cheti cha kuzaliwa na kukosekana kwenye cha kidato cha nne nalo ni tofauti. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani ukapate hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, kabla ya wiki ya usaili.

Karatasi za matokeo ya muda na barua ya chuo ya kusema umehitimu hazipokelewi badala ya cheti kwenye usaili wa Sekretarieti. Waliosoma nje ya nchi wanahitaji vyeti vilivyothibitishwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (sekondari), kulingana na ngazi.

Ukaguzi wa vyeti hufanyika mlangoni, kabla hujaulizwa swali hata moja. Kuna watu husafiri kutoka Lushoto, wakalala gesti, wakarudishwa kwa kukosa cheti kimoja halisi kilichobaki kabatini.

Hatua ya 3: Rudisha hesabu za dawa mkononi

Fanya hesabu kumi kila siku, kwa kalamu, bila kikokotoo. Kanuni ni moja: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo ambamo dozi hiyo imo.

Gentamisini ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mgonjwa ameandikiwa miligramu 60. Utavuta 60 ÷ 80 × 2 = mililita 1.5.

Dripu: ujazo mara matone kwa mililita, gawanya kwa dakika zote. Mililita 500 kwa saa 6, kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 500 × 20 ÷ 360 = 27.8, yaani matone 28 kwa dakika. Kosa la kila siku hapa ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika. Ukipata jibu la matone 1,667 kwa dakika, hesabu yenyewe inakupigia kelele. Isikilize.

Sasa ile inayowaangusha wengi, kwa sababu ina mitego miwili. Mtoto wa kilo 15 ana malaria kali. Atapewa atesuneti ya mshipa kiasi gani? Mtego wa kwanza: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, wakati kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Kwa hiyo 15 × 3 = miligramu 45. Mtego wa pili: kichupa cha miligramu 60 huchanganywa kwanza na mililita 1 ya sodiamu bikaboneti, ukatikisa mpaka kiwe angavu, kisha ukaongeza mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi. Jumla ni mililita 6, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Utavuta mililita 4.5. Dozi hurudiwa saa ya 12 na ya 24 tangu ya kwanza. Aliyegawanya kwa mililita 5 badala ya 6 atampunguzia mtoto dawa bila kujua.

Ongeza na hesabu ya klorini: dawa ya asilimia 3.5, unataka asilimia 0.5. Gawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, toa 1. Ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji.

Kwenye karatasi, andika kipimo kila mara. "1.5" peke yake si jibu la muuguzi. Mililita 1.5 ndilo jibu.

Hatua ya 4: Zisemee dharura kwa sauti

Chagua dharura tano: damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, mtoto mchanga asiyepumua, mtu mzima aliyezimia bila mapigo, na degedege la mtoto. Kila moja isemee kwa dakika mbili ukiwa umesimama, mwenzako akishika saa. Kusoma kimya hakusaidii hapa, kwa sababu kimya kinaficha mahali unapojikanyaga.

*Damu baada ya kujifungua.* Ita msaada. Papasa mfuko wa uzazi, kama ni laini usugue mpaka ukaze. Oksitosini yuniti 10 ya msuli. Wakati huo mwenzako anafungua mishipa miwili kwa kanula kubwa, namba 16 ya kijivu au 18 ya kijani, anachukua damu ya kundi na anaanza maji. Toa mkojo kwa katheta, maana kibofu kilichojaa kinazuia mfuko usikaze. Kagua kondo kama limetoka zima. Kagua michaniko. Asidi traneksamiki gramu 1 ya mshipa polepole, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ikiendelea, kandamiza mfuko kwa mikono miwili huku rufaa ikiandaliwa. Pima mapigo na presha muda wote, na andika. Ukianza kukwama, kumbuka vyanzo vinne: mfuko usiokaza, mchaniko, mabaki ya kondo, damu isiyoganda. Vinakurudisha njiani.

*Kifafa cha mimba.* Mlaze kwa ubavu, linda njia ya hewa, oksijeni, usimtie kitu mdomoni. Kisha magneziamu salfeti, na hapa jopo linataka tarakimu. Dozi ya kuanzia ya mshipa ni gramu 4: vuta mililita 8 za dawa ya asilimia 50, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20, na uitoe polepole, isipungue dakika 5. Kisha gramu 10 za msuli, gramu 5 kila tako, ukichanganya na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kwa kila sindano. Baadaye gramu 5 kila baada ya saa 4, tako kwa kupokezana, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye. Kabla ya kila dozi unaangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi haitolewi. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa, umpe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa.

Jopo likikuuliza dozi ukaitaja sawasawa, halafu ukasahau yale mambo matatu, litakuona umekariri. Ukianza na yale matatu, litaona mtu aliyewahi kusimama kitandani.

Aliyezimia bila mapigo: mikandamizo 30 kwa pumzi 2, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kifua kiachiwe kirudi juu kila mara. Degedege la mtoto lisemee mwenyewe kwa mpangilio huo huo, na usisahau kupima sukari.

Hatua ya 5: Zoeza mikono kwa ajili ya usaili wa vitendo

Si kila mwajiri ana usaili wa vitendo. Akiwa nao, alama hutolewa kwa orodha: mkaguzi ana karatasi yenye hatua, anaweka tiki. Hatua uliyoifanya kimya na asiione ni hatua iliyopotea. Kwa hiyo sema unachofanya, huku ukimhutubia mgonjwa na si mkaguzi. Hata kama aliyelala pale ni mdoli, msalimie: "Shikamoo bibi. Naitwa fulani, ni muuguzi. Nataka kukupima presha, unaniruhusu?" Salamu, jina, maelezo, ridhaa, faragha. Kwenye orodha nyingi hizo ni alama tano kabla hujagusa kitu.

Mtoto mchanga asiyepumua ndiye anayetokea mara nyingi kwenye meza hizi, basi tumtazame kwa karibu. Una dakika moja tangu azaliwe mpaka pumzi ya kwanza ya mfuko. Mkaushe kwa nguvu kiasi, kichwa hadi miguu. Tupa kitambaa chenye majimaji, mfunike na kikavu. Wengi wanamkausha na kumwacha kwenye kitambaa kile kile. Sugua mgongo. Kamasi safisha tu kama imeziba. Hapumui? Kata kitovu, mpeleke kwenye meza. Kichwa kiwe kama ananusa hewa, kisikunjwe mbele wala kisipinduliwe nyuma sana. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Bana mfuko pumzi 40 kwa dakika, na kwa pumzi ya kwanza kabisa tamka: "Naangalia kifua, kinapanda." Kama hakipandi, rekebisha kichwa, kisha barakoa, kisha safisha, kisha fungua mdomo kidogo, kisha bana kwa nguvu zaidi kidogo. Watahiniwa hubana mfuko vizuri kabisa huku macho yao yakiwa kwa mkaguzi. Macho yako yawe kifuani kwa mtoto.

Vingine vya kurudia: kunawa mikono sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni, kuweka kanula, kufunga kidonda, katheta, na presha. Kwa presha, mgonjwa akae ametulia dakika 5, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na hewa iachiwe taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiiachia kwa pupa, namba ya juu utaisoma chini ya ilivyo.

Sindano ikishatumika, usiirudishie kifuniko. Nenda nayo moja kwa moja kwenye boksi la usalama, ambalo likifika robo tatu hufungwa. Kurudishia kifuniko mbele ya mkaguzi ni kosa ambalo wengine hawalisamehi, na ni haki yao.

Hatua ya 6: Pitia misingi, haraka

Siku tatu zinatosha. Mtu mzima: mapigo 60 hadi 100, pumzi 12 hadi 20, joto 36.5 hadi 37.5. Mtoto mchanga: mapigo 120 hadi 160, pumzi 30 hadi 60. Haki za kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia, wakati, na kuandika. Hatua tano za mchakato wa uuguzi. Chanjo: BCG na polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, surua-rubela miezi 9 na 18, jokofu nyuzi 2 hadi 8. Kadi ya kliniki namba 1 ni ya mtoto, namba 4 ya mjamzito. Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kumbukumbu za huduma: namba 5 wagonjwa wa nje, 6 wajawazito, 12 leba, 14 waliolazwa. Zile S tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Sindano ikikuchoma: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa, anza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72, kwa siku 28.

Kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, kuna mkanganyiko halali. Chati ya zamani huanza mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4, mwongozo mpya wa WHO wa mwaka 2020 huanza 5. Ukiulizwa, taja unayoizungumzia kwanza.

Karatasi ya kuandika aghalabu huja kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya magonjwa, vifaa na dawa yasome kwa lugha zote mbili. Kwenye mahojiano, jibu kwa lugha uliyoulizwa. Ukikwama, omba kwa heshima: "Naomba niendelee kwa Kiswahili." Majopo mengi huruhusu. Hata likikataa, sentensi fupi fupi za Kiingereza zilizonyooka ni bora kuliko ndefu iliyopinda.

Hatua ya 7: Andaa majibu ya maadili na ya kwako mwenyewe

Maswali haya hayana jibu la kitabuni, ila yana mpangilio: usalama wa mgonjwa kwanza, taarifa kwa mkuu wa zamu, maandishi, kisha kujirekebisha.

Umempa mgonjwa dawa isiyo yake. Unasimamisha dawa, unampima, unamwita daktari, unamweleza mkuu wa zamu, mgonjwa anaambiwa ukweli kwa utaratibu wa hospitali, unaandika ulichofanya na saa. Anayejibu "mimi siwezi kufanya kosa hilo" anapoteza alama.

Ndugu wa mgonjwa anakupa bahasha. Unamshukuru, unaikataa, unamweleza huduma haiuzwi, na ukiona inarudiwa unatoa taarifa.

Jirani yako wa mtaani Makorora anakuuliza majibu ya shemeji yake aliyelazwa. Humpi. Unamwelekeza kwa mgonjwa mwenyewe. Hapa Tanga, mji ambao watu wanajuana mpaka koo, swali hili la siri lina uzito wake, na jopo linapenda kusikia utakavyolisema bila kumvunjia mtu heshima.

Kwa "tueleze kuhusu wewe", dakika moja na nusu: jina, elimu, umefanya wapi na wodi gani, unachokimudu zaidi, kwa nini nafasi hii. Idadi ya ndugu na timu unayoshabikia viache.

Hatua ya 8: Kijue kituo unachokiomba

Jua ngazi zilivyopangana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Mkoa wa Tanga uko kanda ya kaskazini, ambako hospitali ya kanda ni KCMC Moshi. Jua magonjwa ya ukanda: malaria pwani na mabondeni, matende na mabusha ambayo Tanga imeyajua muda mrefu. Ukiomba Pangani au Mkinga, jiulize mjamzito mwenye kifafa cha mimba atafikaje Bombo usiku, na nani atamsindikiza. Ukiweza, pita kituoni siku ya kawaida, tazama ubao wa huduma na Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa. Usiwasumbue watumishi.

Kwa hospitali ya binafsi au ya dini, ongeza maswali yako mawili: zamu zinapangwaje, na mkataba ni wa muda gani. Michango ya NSSF nayo ni halali kuuliza, ila mwishoni.

Hatua ya 9: Siku moja kabla, na siku yenyewe

Anayetoka Lushoto, Kilindi au Handeni alale mjini. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Nenda ukapaone mahali pa usaili jioni ile, hasa kama hujui mji. Kutoka stendi ya Kange mpaka Raskazone si hatua mbili.

Nguo ni za ofisini, zilizopigwa pasi. Sare usivae mpaka uambiwe. Kama kuna vitendo, mikono ya nguo iweze kupanda juu ya kiwiko, na viatu viwe vya kufunika vidole. Hijabu ivaliwe vizuri, isining'inie juu ya kidonda. Hina iliyobaki ya harusi haitakuhukumu. Kucha ndefu zitakuhukumu. Pete na bangili ziache nyumbani, na manukato vilevile, kwani wapo wagonjwa wa pumu na wajumbe wasioyapenda.

Kunywa chai na kitu kikavu. Bajia za pilipili za asubuhi hiyo ziahirishe.

Ndani: bisha, ingia, "Shikamooni" moja kwa wote, ngoja uambiwe ukae. Vyeti mpe anayeviomba kwa mikono miwili. Swali lisikilize lote, vuta pumzi, kisha anza na kitendo cha kwanza. Usichokijua sema hukijui, na useme utakachofanya wakati huo: "Dozi hiyo sina uhakika nayo, nitaangalia mwongozo wa tiba na kumuuliza mkuu wa zamu kabla ya kutoa." Muuguzi anayebahatisha dozi anaogopwa kuliko asiyejua.

Mambo yakienda kombo

*Leseni imeisha.* Anza kuihuisha leo, pamoja na alama za mafunzo endelevu zinazodaiwa. Risiti ya malipo si leseni.

*Cheti kimepotea.* Taarifa ya upotevu polisi kwanza, kisha NECTA au chuo. Huchukua wiki, kwa hiyo usingoje wito wa usaili.

*Cheti cha kuzaliwa hakipo.* Nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya uliyozaliwa. Aliyezaliwa Muheza na anaishi Dar aanze mapema.

*Mikono inatetemeka.* Nawa polepole, zile sekunde 40 zitumie kujituliza. Ukigusa kisichosafi, usifiche: sema "nimechafua glovu, nabadilisha". Kubadilisha hukurudishia alama.

*Akili imekuwa tupu.* Rudi kwenye njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu. Sema hilo kwa sauti, yanayofuata huja.

*Una mtoto anayenyonya.* Njoo na wa kumshika nje, na mjulishe msimamizi mapema asubuhi. Foleni huweza kufika alasiri.

*Umemaliza chuo zamani na mikono imeganda.* Omba kujitolea kituo cha afya cha karibu, kwa barua kwa mganga mfawidhi, ukiambatisha leseni. Hata wiki nne hubadilisha unavyojibu.

*Mtu amepiga simu anataka hela ili akupitishe.* Usaili haulipiwi. Usitume, na toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni ya bure.

*Hukupita.* Jioni ile ile, kabla hujalala, andika kila swali ulilolikumbuka na ulivyolijibu. Mezani kwako, kwa mwongozo wa tiba uliofunguliwa, sahihisha moja moja. Kisha mpe mwenzako daftari akuulize tena, ukiwa umesimama.